Bernardo Methusela na Kovu la Mwaka 1980

Wapendwa waombolezaji, mimi Thobias, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu Bernardo, na mtaniwia radhi pale sauti itakaponipanda.

Bernardo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Farkwa, mtoto wa kwanza wa Mzee Methusela, mrina asali, na mnamo Agosti 1980 alianguka kutoka kwenye mti wa mizinga, akapasuka paji la uso, akalala siku nne bila kujitambua, kisha akarudi darasani na kumaliza shule ya msingi mwaka 1986 akiwa wa pili.

Mwaka 1999 aliajiriwa Dodoma kuwa mkaguzi wa nafaka kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja, na tarehe 7 Oktoba 2000 alifunga ndoa na Germana, wakajenga Nkuhungu, wakajaliwa Shamila na Seth. Alisifiwa kwa ukali, maana gunia lenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwake halikupita, hata aje nani.

Tarehe 2 Juni 2022 aligongwa na bodaboda Chang'ombe, akapigwa picha ya kichwa, akapona, na wiki tatu baadaye, akiwa kazini, alikataa kusaini shehena ya mahindi yenye ukungu, akagombana na mwajiri. Mtaalamu aliyeletwa na mwajiri huyo, kwa picha hiyo moja na maswali ya dakika ishirini, aliandika kwamba ajali imemjeruhi ubongo kwa mbele, ndiyo maana amekuwa mbishi, na neno lake lisitegemewe. Hakumuuliza mke, hakumuuliza mama, hakuuliza Bernardo alikuwaje kabla. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, yeye akaziona zote kwenye picha. Kaka akaachishwa kazi, mahindi yakapita. Inaniuma, na sifichi.

Februari 2023 daktari mwingine alituonyesha kwamba lile doa la kwenye picha lilikuwa kovu la zamani, la utotoni, akaongeza kwamba wapo wenye kovu pale pale na ni wapole kabisa, hivyo picha peke yake haisomi tabia ya mtu. Mwajiri alipelekewa maelezo hayo, na hadi leo hajajibu.

Marehemu alianza kuugua nimonia tarehe 20 Aprili 2025, akafariki tarehe 3 Mei.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nkuhungu, na wafanyakazi wenzake wa ghala waliokuja kumzika ingawa walikatazwa. Ugali tutakaokula baada ya mazishi ni wa mahindi aliyoyachambua mwenyewe mwezi Machi, kwa mikono yake na kwa kichwa kile kile, kwa hiyo kuleni bila wasiwasi.

Pumzika kwa amani, kaka.