Karatasi ya Mlango wa Ghala

Benchi letu pale Shelui liliegemea ukuta wa ghala la chama cha msingi cha ushirika, mkabala na mahali malori ya Nzega yanapopozea injini. Mwaka ule wa 1996 chama kilikwisha kufa na pamba ilinunuliwa na yeyote mwenye mizani, lakini Mzee Naftali aliendelea kulinda ghala tupu na kulala katika chumba chake cha nyuma. Asubuhi ninayoieleza, gari la Kiomboi, moja tu kwa siku, lilikuwa limepita tangu alfajiri. Mselemu, muuza kahawa wetu, alikuwa anamimina duru ya pili, kila mtu na kashata yake ndani ya kipande cha karatasi. Ndipo Emilian, fundi wa malori tuliyemwita Injini, alipogeuka akaona mlangoni pamebandikwa karatasi iliyochanika chini, yenye herufi kubwa nyeusi: LOT 4.

— Lo! Mzee Naftali, hii nani kabandika?

— Sijui. Jana nilikwenda kwa binti yangu, nimerudi alfajiri nikaingilia mlango wa nyuma.

— Profesa, hebu soma.

Rahimu aliitwa Profesa kwa sababu alipata kuwa karani wa tajiri mmoja wa Kihindi mjini Singida. Akasimama, akafunga kifungo cha shati.

— Lot ni vingi. Mzungu akishukuru sana huitia mwishoni. Hapo wanasema vitu ni vingi.

— Vingi wapi? Ghala lina popo tu!

— Basi popo wanne, Injini. Mimi nimesoma, sikuhesabu.

— Acha bwana. Nilikuwa Nzega walipouza mitambo ya kuchambulia pamba. Kila fungu la kupigwa mnada liliandikwa hivyo hivyo. Haki ya Mungu, wanauza ghala!

Mzee Naftali akaweka kikombe chini.

— Kuuza ghala? Tofali tumefyatua sisi. Maji tumebeba sisi.

— Subirini, Profesa akasema, kwanza tujue neno limetoka wapi. Zamani Wazungu walikuwa wakitia vijiti chunguni, kila kijiti na mwenyewe, wakatikisa. Kijiti kikiruka, umepata fungu lako. Kwa hiyo ni kura.

— Kura tena? Tumepiga mwaka jana!

— Si hiyo, Injini. Ile ya askari kugawana vazi la Bwana Yesu, akasema Mzee Naftali, ambaye hakukosa kanisani Jumapili hata moja. Na mwenye vazi hakuulizwa.

Injini akadakia.

— Mimi nasema ni Loti, mpwa wa Ibrahimu. Aliambiwa achague ardhi, akachukua bonde zima. Tangu siku hiyo Mzungu akichukua bonde la mtu anatia jina la Loti.

— Astaghafirullah! Mselemu akaweka birika chini. Nabii Lut umfanye dalali?

— Na mkewe je? Aligeuka nguzo ya chumvi. Unadhani chumvi ya ziwa letu Kitangiri imetoka wapi?

— Kwetu hakugeuka chumvi. Aliangamia pamoja na waliobaki nyuma.

— Haya, nusu yake imebaki huko, nusu imeletwa Iramba!

Tulicheka, mimi pia. Mzee Naftali hakucheka.

— Loti alikuja kuambiwa atoke kabla jua halijachomoza, akasema. Mimi nani ameniambia?

Akatoa mfuko wa nailoni katika koti. Ndani mlikuwa na barua ya chama ya mwaka 1973, yenye muhuri na sahihi ya marehemu baba yangu, aliyekuwa katibu: mlinzi Naftali atakaa chumba kile mpaka kufa kwake. Nakala yake ninayo nyumbani.

Hapo akafika mwanamke mwenye begi, aliyekuwa akingoja lori la Igunga.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu.

Alikuwa Mwalimu Evodia, anafundisha sekondari. Mselemu akamfungia kashata. Mwalimu akaitazama karatasi ya kashata, akautazama mlango, akaitazama tena.

— Baba, hii umeitoa wapi?

— Hapo mlangoni. Upepo wa malori ulikwisha kuibandua kwa chini, inapepea tu. Nikaona isipotee bure, nikachana vipande vya kufungia. Kizungu chenyewe sikijui.

— Zilizobaki ziko wapi?

Kila mmoja akafungua kiganja na kutoa kipande chake. Cha Injini kilikuwa na alama ya grisi, cha Profesa kimelowa kahawa. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, ninayejua tarehe ya kuzaliwa na kufa kwa kila mtu wa ukoo wetu, nilikuwa nimekikunja changu mara nne na kukitia mfukoni bila kukitazama. Mwalimu akavipanga juu ya benchi, akatusomea taratibu kwa Kiswahili.

— “Mwenye pingamizi juu ya ghala hili au chumba chake, afike mwenyewe Kiomboi na hati yake, leo kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo hatasikilizwa.”

Mselemu akashika kichwa. Mzee Naftali alikuwa amekwisha kusimama, barua mkononi, anafunga vifungo vya koti.

— Twende basi, mzee wangu, nikusindikize kituoni, Mwalimu akasema. Kisha akatugeukia. Gari la Kiomboi linapita saa ngapi?

Kwenye benchi lile tulijua saa ya kila gari. Injini akageuka kutazama barabara lilikopita la Kiomboi alfajiri.