Sauti ya Mtoto Katika Zeze Langu

Mbukwenyi, ndugu zangu! Bwana wetu aliye hai asifiwe!

Wengi mnanijua kama mpiga zeze. Nyumbani nina mazeze kadhaa, lakini mkono wangu huenda kwa moja tu, lile lenye kibuyu cheusi. Leo nataka mjue yaliyonipata kwa zeze hilo, na jinsi Bwana alivyonitoa.

Mwaka ule ndui ilipopita nilikuwa bado sijamjua Mungu. Nilikuwa natoka Mlali kurudi hapa Mpwapwa, nikapita kwenye tembe lililoachwa. Paa limeanguka, zizi tupu, hakuna hata jogoo wa kuwika. Lakini nyuma ya ukuta ulikuwa umetambaa mmumunye, na juu yake kibuyu kimoja kilichokauka vizuri. Nikakichuma, nikatengeneza zeze.

Ndugu zangu, sijapata kusikia zeze linalolia kama lile! Mengine yote niliyatundika ukutani, yakaingia buibui. Wadachi walipotuchukua kwenda kujenga reli upande wa Gulwe, nilibeba hilo hilo. Mchana, jua likiwa utosini, wenzangu wakijilaza kivulini, mimi nilikuwa napiga. Na hapo ndipo nilipoanza kumsikia. Mtoto wa kike, anaimba taratibu kwa Kigogo, wimbo wa kutwanga ambao sikufundishwa na mtu. Nikiinua uta, ananyamaza. Nikiurudisha kwenye nyuzi, anaendelea pale pale alipoishia.

Nikamwuliza mwenzangu aliyelala karibu, "Unamsikia?"

Hakufumbua macho. "Tangu juzi," akasema. "Nilidhani ni wewe."

Mimi sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha hata leo! Nilimpenda mtoto yule. Nilipoachiliwa kurudi nyumbani, nilishinda na zeze kutwa nzima, uwele ukamezwa na magugu. Mke wangu Yuditi, aliyeamini kabla yangu, alipokuwa akiniita niligeuka na kumtazama kama mgeni aliyepotea njia.

Kisha akaja mama mmoja. Alikuja mchana kweupe, mwembamba, uso wote makovu ya ndui. Hata hodi hakupiga. Aliketi mbele ya zeze, akasikiliza, akasema:

"Huyo ni Nyemo, mwanangu. Tulikuwa tunatwanga pamoja. Nilimzika kwa mikono yangu, nyuma ya ukuta."

Ndugu zangu, pale pale nilipokichuma kibuyu! Nyuma ya ukuta!

Yule mama hakuondoka. Chakula hakugusa, maji hakunywa. Nikipumzika ananisihi, "Piga, kaka yangu. Mwache aimbe." Nami napiga. Siku moja nikaona midomo yake imepasuka, macho yamezama, na bado anatabasamu. Nikajua mtu anakufa mbele yangu. Nikataka kuuweka uta chini. Vidole vikakataa! Mkono ukaendelea kwenda na kurudi kama si wangu, damu inatiririka, na mtoto anaimba kwa nguvu kuliko siku zote.

Yuditi akatoka jikoni, unga mikononi. Zeze hakulinyang'anya. Alipiga magoti, akamkumbatia yule mama, akaomba kwa sauti kuu:

"Bwana Yesu, mtoto huyu ni wako! Mama huyu ni wako! Mume wangu ni wako! Wachukue wote!"

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Mkono wangu ukafunguka, uta ukaanguka. Yule mama akaanza kulia, kilio cha msiba, kile ambacho hakuwa amekilia siku ya kuzika. Alipomaliza akasema neno moja tu: "Maji." Yuditi akamnywesha kwa kata, taratibu, kama mtoto. Nami nikapiga magoti pale pale, nikampa Bwana maisha yangu.

Mnaniuliza kwa nini sikulichoma zeze lile. Mwalimu wetu aliliombea, akanirudishia mkononi. Ndilo ninalolipiga hapa kila Jumapili, na sasa zinalia nyuzi tu. Yule mama naye ameketi pale, upande wa akina mama, karibu na Yuditi. Ameniruhusu niseme haya.

Ndugu yangu, labda kuna sauti inayokuita nawe huwezi kuiacha. Usijitegemee, nguvu zangu hazikufaa kitu. Mwite Yesu. Mimi hata kumwita sikuweza. Aliitwa kwa ajili yangu, akaja. Asante, Bwana!