Breki Achaguliwa Bastola

Mbele ya kituo cha mafuta cha mama mmoja aitwaye Geneva, pale barabara ya mlimani inapoachana na njia ya mgodi uliofungwa, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Kila asubuhi, ukitoa Jumapili, huketi hapo wazee watatu wasiokubaliana hata juu ya mvua inayowanyeshea. Wa kwanza ni Kanali, ambaye jeshini alikuwa mpishi na cheo chake hakikuvuka koplo. Wa pili ni Dizeli, aliyeendesha malori ya makaa ya mawe mpaka mgongo ukagoma. Wa tatu ni Verlon Stidham, dereva mstaafu wa basi la shule. Nusu ya watu wa mji huu wa Kentucky walisoma huku wakikodolea kisogo chake, na ndio waliompa jina la Breki. Jumatano ile ukungu ulikuwa haujatoka bondeni, kahawa ya Geneva ilikuwa chungu kama shubiri, na hoja ilikuwa moja tu: Breki anunue bastola gani, ndogo ya kufichika chini ya shati, na isimkaushe mfuko.

Sababu haikuwa siri. Ijumaa jioni Verlon alitoka duka la dawa na mfuko wa vidonge vya mkewe, Oleta, ambaye saratani imemfika kwenye mifupa. Kabla hajafungua mlango wa gari, kijana aliyejifunika uso kwa skafu akamwekea kisu ubavuni, akachukua mfuko, akatokomea nyuma ya majengo. Dawa za aina ile hazitolewi mara mbili kirahisi. Mpaka daktari alipokubali kuandika nyingine, Oleta alikuwa amelia hadi sauti ikakauka, na Verlon amekaa chini kando ya kitanda, ameshika mguu wa mkewe kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

— Sikiliza, Breki, alianza Kanali. Usihangaike na madude makubwa. Chukua kale kadogo ka mfukoni. Dola mia mbili na ushee, mchezo umekwisha.

— Kadogo? Dizeli akacheka kwa pua. Kale risasi yake kama punje ya mahindi. Mwizi atajikuna tu.

— Bandu bandu huisha gogo, ndugu yangu. Unampiga kidogo kidogo.

— Sasa yeye atasimama pale anasubiri umalize gogo lako?

Geneva alitoka na birika, akawaongezea kahawa bila kuulizwa.

— Mwacheni mwenyewe aseme, alisema. Breki, mikono yako itaweza?

Verlon alinyoosha vidole vyake. Baridi yabisi ilikuwa imevipinda kama mizizi ya tangawizi.

— Juzi nilikwenda dukani, alisema. Nikapewa moja nijaribu kukoki. Nilivuta, nikavuta. Yule kijana muuzaji akaangalia pembeni ili asinione.

— Basi hapo umejijibu! Dizeli akapiga goti. Bastola ya mzunguko. Haina kukoki, haina kukwama. Unatia risasi tano, unafunga, umemaliza. Marehemu baba alikuwa nayo.

— Risasi tano? Kanali akaruka. Na wakija sita?

— Sita wanatoka wapi, Kanali? Mji mzima hauna vijana sita wanaoamka mapema.

— Unacheka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu abebe mbili. Moja kiunoni, moja kifundoni mwa mguu.

— Kifundoni! Atainama saa ngapi na mgongo huo?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hata Geneva alicheka. Verlon naye alicheka kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Alikuwa akimtazama Dizeli.

Kuna jambo Verlon hakuwa amemwambia mtu, hata Oleta. Kijana yule alifunika uso lakini hakufunika sauti. Alisema maneno matatu tu, na Verlon akamjua. Alikuwa Colby, mjukuu wa Dizeli, ambaye Dizeli amemlea tangu mama yake alipokutwa hana uhai ndani ya choo cha mgahawa, sindano mkononi. Tangu Ijumaa Verlon alikuwa amelibeba jina lile kama mtu aliyemeza mfupa. Usiku Oleta alipolia, alitamani kulitema. Asubuhi alipomwona Dizeli anamsogezea nafasi kwenye benchi, alilimeza tena.

— Tena msinunue mpya, Kanali aliendelea, sasa mishipa ya shingo imemtoka. Serikali ina mtambo. Wakibonyeza tu, bastola zote mpya zinazimika nchi nzima. Za zamani haziwezi.

— Acha kamba, Kanali.

— Kamba? Wewe simu yako si ilizimika wiki iliyopita?

— Sikuichaji!

— Ndivyo wanavyotaka uamini.

— Mimi nasikia mwizi hunusa chuma, alisema Geneva. Shemeji yangu anasema ukivaa bastola, hata mbwa wanakuhama.

— Shemeji yako mbwa wamemhama kwa kuwa haogi, alijibu Dizeli. Breki, wasikupotezee muda. Njoo.

Aliinuka, akaenda kwenye gari lake, akarudi na kitu kilichoviringishwa kwenye taulo la jikoni. Alikiweka kwenye benchi kati yake na Verlon, akafunua pembe moja. Ilikuwa bastola ya mzunguko, mpini wa mbao uliong'arishwa na mikono ya watu waliokwisha kufa.

— Ya baba. Nipe utakacho. Usiponipa, basi. Itakaa chini ya shati kama pakiti ya sigara.

— Clell, hii ni ya familia yenu, Verlon alisema. Alimwita kwa jina lake halisi, na yeye mwenyewe akashtuka.

— Familia gani? Chukua. Akija tena, mpige kifuani. Usimwulize jina.

Verlon hakuigusa.

Hapo ndipo walipomwona mwanamke mmoja amesimama karibu na pampu, mkoba begani. Alikuwa mpita njia. Gurudumu la gari lake lilikuwa likizibwa gereji ya upande wa pili. Geneva alimpa kikombe na kumwonyesha ncha ya benchi, naye akaketi, akasikiliza kwa adabu Kanali akianza upya habari za kifundo cha mguu. Alipomaliza nusu ya kahawa, akauliza:

— Samahani, mimi mgeni. Huyo mwizi ni nani?

— Mwizi ni mwizi, dada, alijibu Kanali.

— Naelewa. Ila mji wenyewe naona ni mdogo. Ni mtoto wa nani?

Tangu Ijumaa mji ulikuwa umejadili bastola, risasi, mikoba ya kiunoni, taa za uani na mbwa wakali. Swali lile hakuna aliyethubutu kuliuliza. Binti wa Kanali alikuwa ametoka kliniki ya kuacha vidonge mara ya pili. Mpwa wa Geneva yuko jela. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake, na kila mmoja aliogopa jibu litakuja kubisha mlangoni kwake.

— Nimekosea kuuliza? mgeni alisema.

— Hapana, mama, alijibu Verlon akitazama ndani ya kikombe. Mwizi alijifunika uso.

Geneva aliinamisha birika juu ya kikombe cha Kanali. Halikutoka tone.

— Imekwisha, alisema, akarudi ndani, wala hakuwaletea nyingine.

Mgeni aliitwa kutoka gereji, akaaga, akavuka barabara. Kanali alikumbuka kwamba ana kuku wa kulisha. Wakabaki wawili, na taulo kati yao.

— Breki, Dizeli alisema kwa sauti ya chini. Ni Colby?

— Nimesema alifunika uso.

— Sikuulizi habari za uso.

Lori lilipita, likatikisa benchi.

— Ndiyo, Verlon alisema. Ni yeye.

Dizeli aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayesomewa bei anayoijua.

— Alikuumiza?

— Hapana. Kisu kilikuwa kinamtetemeka. Alisema, "Nisamehe, Bwana Breki."

Dizeli akajiziba macho kwa kofia. Mabega yalimcheza kwa muda. Alipoishusha, uso wake ulikuwa umezeeka.

— Nilijua, alisema. Jumapili nilikuta chupa tupu ya vidonge chini ya kitanda chake, jina la Oleta juu. Colby mwenyewe hayupo tangu Jumamosi. Nilijua, Verlon.

— Ulijua, na ukaniletea bastola?

— Nimemzika mama yake. Nimemtoa jela, nimemfungia chumbani, nimemwosha matapishi. Nikasema, akimmaliza mtu mwingine... mimi nitalala.

Verlon aliyasikia maneno yale yakitua moja moja. Hasira ilimpanda mpaka vidole vibovu vikakunjika ngumi, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa aliweza kuona waziwazi angefanya nini: kifua, skafu, mlio. Aliona pia angerudi nyumbani na kumwambia Oleta nini. Akalifunika taulo, akalisukuma kwa Dizeli.

— Irudishe garini, ufunge.

— Na wewe?

— Kuna mahali unapojua anajificha?

— Zile nyumba tupu za wachimbaji, kule juu. Nimeogopa kwenda. Naogopa nitakachokikuta.

— Tutakwenda na gari langu.

— Tukimkuta hai, utamfanyaje?

Verlon alifikiri. Hakuwa amemsamehe, na hakutaka kudanganya.

— Oleta alilia, Clell. Alilia mpaka akaniomba nimfanyie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nataka Colby alisikie hilo kutoka kwangu, amekaa, ananitazama. Nikienda na hiyo kiunoni, sitamaliza kusema.

Dizeli alilichukua taulo kwa mikono miwili, akalifungia ndani ya gari lake. Kisha akaja upande wa pili wa gari la Verlon, akapanda, na akaegemeza kichwa kwenye kioo. Verlon akashika njia ya mgodi mpaka lami ilipoishia.