Mwanamke wa Shamba la Juu

“Kama mwanamke huyo amekufa, nani alimzika?” Swali hilo marehemu mama yetu aliliuliza tarehe 12 Machi 1668, katika mahakama ya Waingereza mjini Wexbourne, akiwa amesimama wima mbele ya mahakimu watatu, na mmoja alikohoa, mwingine akaagiza mlango ufungwe kwa sababu ya baridi.

Ndugu waombolezaji, sisi familia tumesimama mbele yenu na masizi ya msiba usoni tukiwa tumeduwaa, maana mtu tuliyemwona juzijuzi akipanda kutoka pwani na kikapu cha kombe mgongoni, akiwatania vijana kwamba wanatembea kama bata walioshiba, leo tunamsomea historia yake. Nanyi wageni mliotoka Wexbourne, msishangae kutosikia jina lake, kwetu jina la aliyekufa halitajwi, na aliye hai mwenye jina hilohilo hulivua na kuchukua jingine, ili wafiwa wasichomwe upya kila mtu anapoitwa.

Marehemu alizaliwa hapa Manasquisset majira ya kupanda ya mwaka 1609, akiwa mtoto wa tatu wa mama yake, na katika tauni ya mwaka 1617 alipoteza wazazi na ndugu wote isipokuwa kaka yake mmoja, ambaye ni baba wa binti anayewasomea historia hii. Alilelewa na mama yake mdogo, na masomo yake aliyapata katika Shamba la Juu, huko alijifunza kungoja majani ya mwaloni yafikie ukubwa wa sikio la panya ndipo apande mahindi, kuchanganya maharage na maboga katika tuta moja, na kufukuza kunguru bila kumuua, kwa kuwa kunguru ndiye aliyetuletea punje ya kwanza sikioni mwake kutoka kusini-magharibi. Alikuwa akimtukana sana huyo kunguru, lakini mtoto akiokota jiwe alimwambia, “Weka chini, mwanangu, huyo yuko kwake.”

Mwaka 1628 aliolewa, wakajaliwa watoto wanne, wawili pamoja na baba yao walichukuliwa na ndui mwaka 1633, waliobaki ni Massapunt na Nokawis, ambao mnawaona hapa mbele. Kazi yake maisha yote ilikuwa shamba hilo, alilorithi kwa mama yake mdogo, na mwaka 1641 alipatana na jirani Mwingereza, mzee aliyemzaa Bwana Ezra Thackwell, kwamba ng'ombe wa mzee huyo wale nyasi chini ya kijito, na shamba lililo juu ya kijito libaki la marehemu na wa ukoo wake, jina lake la wakati ule likaandikwa katika hati, mzee akamshika mkono, na wawili hao maisha yao yote hawakugombana.

Mwaka 1655 alifariki binti mdogo wa jirani yetu Ahtunnes, binti aliyepewa jina la marehemu kwa mapenzi, na marehemu, kama inavyompasa kila mtu wa kwetu, akalivua jina lile siku ya mazishi, akachukua lile mlilomjua nalo nyote. Hakuna aliyedhani kwamba siku hiyo alikuwa anavua na shamba.

Mzee huyo alipokufa, mwanawe Bwana Thackwell alikwenda mahakamani na hoja moja, kwamba mwanamke wa mapatano yale hajulikani, bila shaka amekufa, na huyu bibi ni mwingine. Mashahidi wetu walikataliwa kwa kuwa hawakuapa kwa Biblia. Basi hakimu akamwambia marehemu, “Bibi, litaje jina lako la wakati ule, tumalize.” Neno moja tu, na shamba lingekuwa lake. Marehemu alitazama nyuma, akamwona Ahtunnes ameketi kando ya ukuta, akafumba mdomo, na alipoufumbua ni kuuliza lile swali, na mahakimu wakampa Bwana Thackwell shamba. Tunaambiwa sisi ni watu tusiojua sheria, sawa, lakini ni sheria gani inayomtaka mama atoneshe kidonda cha mama mwenzake ili aaminiwe kwamba yuko hai?

Njiani kurudi Ahtunnes alimwambia, “Dada, ungelitaja tu, mimi ningeziba masikio.” Marehemu akamjibu, “Masikio ungeziba. Na moyo, ungeuziba na nini? Tembea, mvua inakuja.”

Tarehe 14 Aprili nguruwe wa Bwana Thackwell waliingia Shamba la Juu, wakafukua maghala ya chini ya ardhi, wakala mbegu. Marehemu alishinda huko kwenye mvua akiwafukuza kwa fimbo, akarudi akitetemeka, kifua kikambana, na asubuhi ya tarehe 26 Aprili 1668 alituacha, nyumbani kwa Nokawis, akiuliza kama mialoni imeanza kuchipua.

Tunamshukuru mganga wetu aliyekesha naye, majirani walioleta supu ya mahindi, wanawake aliolima nao miaka yote, na Ahtunnes, aliyemwosha kwa mikono yake na kuokoa kapu moja la mbegu. Tunawashukuru pia wale wa Wexbourne waliokuja kinyume cha matakwa ya jirani yao.

Mama, lala salama, umelazwa katika Shamba la Juu, kichwa kikielekea kusini-magharibi, na jembe lako la gamba la kombe kando yako. Swali lako limepata jibu, mwanamke huyo tumemzika sisi, na kaburi lake kila mtu analiona.

Majani ya mwaloni yamefikia sikio la panya. Tunawaomba nyote, kesho asubuhi, mje na majembe.