Dada Yetu, Mtafiti wa Mahakama za Watoto

Ndugu waombolezaji, naomba mnivumilie, maana mimi ndiye mdogo wake wa mwisho na sauti yangu leo si ya kutegemea.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji ya baba, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na tangu utotoni alikuwa mtu wa wasiwasi, mlango tukishaufunga yeye huamka kuukagua, hata mama akambandika jina la Askari, likamganda hadi ukubwani. Alisoma shule ya msingi ya jirani, akamaliza sekondari mwaka 1987, kisha akasomea sheria chuo kikuu, akahitimu 1993.

Hakuwahi kuwa wakili, bali aliajiriwa na taasisi ya utafiti inayofuatilia haki katika mahakama za watoto na za familia, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukaa kimya kwenye benchi la mwisho, akitazama kesi zinavyokwenda. Mwaka 1996 aliolewa na fundi saa, shemeji yetu huyu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa mabinti wawili, na shemeji alizoea kututania kwamba mkewe hurudi nyumbani na kesi za watu wote isipokuwa yake.

Alichokiona huko kilimnyima raha, kwamba mtoto aliyefika bila mtu mzima wa kumsemea aliwekwa mahabusu kwa kosa lile lile ambalo mwenzake, aliyekuja na mzazi, alionywa tu akarudi kwao. Juni 2019 aliitwa kulieleza hilo mbele ya majaji, nikamsindikiza, nikambebea mkoba. Jaji mmoja akamkatiza, "Mama, unatuambia tunaonea watoto?" Dada akajibu, "Sisemi mnawaonea, mheshimiwa, nasema hawana wa kuwasemea, na nyinyi mna haraka." Nikajua tumekwisha, kumbe jaji huyo huyo ndiye aliyekuja kuomba lifanyike jaribio katika mahakama moja, kesi ya mtoto isianze kabla hajapatiwa wa kumsimamia.

Jaribio lilikwenda vizuri, watoto wengi wakarudi makwao, lakini dada hakutulia, akihofia litafutwa kimyakimya. Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mwezi Februari mwaka huu, na hata pale kitandani alikuwa akimuuliza binti yake mkubwa, "Wameamua?" naye akimjibu, "Bado, mama, pumua kwanza." Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, majaji wakiwa bado hawajaamua kama utaratibu huo uenee mahakama zote. Wanakutana Jumatatu, hatujui watasema nini, na sitawadanganya kwamba hatuna hofu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia na kutuazima viti, wenzake wa taasisi, na jaji yule, ambaye amefika leo bila kuitwa na mtu.

Pumzika, dada. Jumatatu tutakwenda sisi.