Mzee Reki, Mwendeshaji Mitambo wa Kituo Chetu

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa nane mchana, Mzee Reki atakabidhi zamu yake ya mwisho katika kituo chetu cha umeme wa maji. Atakuwa ametimiza miaka sitini ya umri, na miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kazi. Katika muda huo wote amechelewa mara moja tu, siku aliyozaliwa binti yake wa pili, na hata siku hiyo alimtumia mlinzi ujumbe kwamba chujio lisisahaulike.

Niliombwa niandike wasifu huu wa jarida la wafanyakazi kwa sababu niko masijala, na masijala ndiko majalada yanakokaa. Nina miezi mitano tu hapa tangu nimalize shule, nami si mwepesi wa kusema mbele za watu. Niliambiwa nusu ukurasa unatosha, na kwamba cheo chake ni "Mfanyakazi wa Usafi wa Mfereji". Nusu ukurasa haukutosha. Kuhusu cheo, naomba msomaji anisikilize kwanza.

Ni kweli aliajiriwa kusafisha mfereji. Alikuwa na miaka ishirini na sita, akapewa buti, koleo, na reki ya chuma yenye mpini mrefu kumzidi yeye mwenyewe. Jina lake lilianzia hapo na limemganda. Maji yanapotoka mtoni hufuata mfereji hadi kwenye chujio, yaani vyuma vilivyosimama kama meno ya kitana, vinavyozuia majani na matawi yasiingie kwenye bomba. Huzuia na ndala pia. Mwaka mmoja alikusanya ndala ishirini na mbili, zote za mguu wa kushoto, akazipanga ukutani kwa ukubwa. Mgeni akiuliza ni za nini, alikuwa akijibu bila kucheka kwamba anamsubiri mwenyewe aje na miguu yake yote ya kushoto.

Mwaka wake wa pili, mwendeshaji mitambo wa zamu ya asubuhi aliugua. Hakukuwa na mwingine. Mzee Reki alikuwa ameshazoea kula chakula chake cha mchana kando ya mtambo na kuuliza maswali mpaka watu wakamchoka, basi wakubwa wa wakati huo wakamwambia ashike zamu kwa muda. Huko "kwa muda" kumekwenda miaka thelathini na moja.

Wengi wetu tuliosoma tunajua umeme kwa mitihani. Yeye aliujua kwa masikio. Huegemeza ncha ya kijiti cha mbao kwenye mtambo, ncha ya pili akaiweka sikioni, akakuambia beringi ipi inataka grisi. Mpaka leo mafundi wenye vipimo vya thamani hupima baada yake, si kabla, ili wasiaibike.

Wanafunzi wanapokuja kututembelea, yeye ndiye huwaeleza kazi yetu, ingawa hakuna karatasi iliyowahi kumpa jukumu hilo. Huanza hivi: "Umeme haumo ndani ya maji. Ungekuwamo, nani angeoga?" Wakishacheka huwapeleka dirishani na kuwaonyesha bomba linaloshuka mlimani mita sitini. Maji huporomoka humo, yakapiga mapanga ya gurudumu linaloitwa turbini. Gurudumu huzungusha mhimili, mhimili huzungusha sumaku katikati ya nyaya za shaba, na hapo ndipo umeme unapozaliwa. Maji yenyewe hurudi mtoni kama yalivyokuja, hayakupungua hata kikombe. "Mto wetu ni mwembamba," huwaambia, "lakini haujisifii upana, unajisifia mteremko." Akiulizwa kuhusu upepo, husema upepo nao ni msukumaji tu, ndugu wa maji. Jua ndilo humtatiza, kwa sababu paneli hazizungushi kitu. Mwanga hugonga paneli na umeme ukaanza kutembea ndani yake bila kelele. "Mashine isiyopiga kelele," husema, "utajuaje kama inaumwa?"

Hata hivyo alijua. Tulipoletewa paneli za sola miaka minane iliyopita, safu ya pili ilikuwa ikitoa umeme pungufu kila alasiri. Wataalamu walikuja mara mbili, wakaandika ripoti mbili, wakapendekeza paneli zibadilishwe. Mzee Reki alikaa pale na kiti chake kuanzia saa saba hadi saa kumi, kisha akaenda kwa mhandisi akamwambia ni kile kibao. Ofisi ilikuwa imesimamisha kibao kikubwa cha kukaribisha wageni, chenye maandishi ya kusifu nishati safi, na kila alasiri kivuli chake kiliilalia paneli moja ya safu hiyo. Paneli za safu moja zimeungana kama watu waliobeba jeneza, mmoja akilegea wote wanayumba. Kibao kilihamishwa hatua tisa, na umeme ukarudi. Nimesoma ripoti ya tatu. Inasema tatizo lilitatuliwa "baada ya tathmini ya kina". Haisemi tathmini hiyo ilikaa kwenye kiti cha plastiki.

Ningependa kuishia kwenye mambo ya namna hiyo, ya kuchekesha, kwa sababu ndivyo wasifu unavyotakiwa uwe. Lakini ipo Jumapili ya miaka miwili iliyopita, na kuiruka ni kusema uongo.

Msimu ule kilikuwa kimefungwa kifaa kipya cha kupima kina cha maji, na skrini yake ikawekwa chumba cha mitambo. Kilifungwa upande wa juu wa chujio, upande maji yanakotokea. Mzee Reki aliuliza siku hiyohiyo kwa nini kisifungwe upande wa chini, kwenye mdomo wa bomba. Mhandisi wa mradi alimjibu mbele ya watu: "Mzee, wewe shika reki yako." Akaishika.

Jumapili hiyo mvua ilileta majani ya mlima mzima. Chujio likaziba. Juu ya chujio maji yalijaa, chini yake yakapungua, na skrini ikaendelea kuonyesha kwamba maji ni tele. Mtambo ukaanza kuvuta hewa, ukipiga kelele kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija. Mwenzake wa zamu, kijana tunayemwita Fundi Miwani, anakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno. Mhandisi alikuwa kwenye simu akisema, "Skrini inasema maji yapo." Mzee Reki akamjibu, "Skrini iko upande wa mto, baba. Sisi tuko upande wa bomba." Kisha akaiweka simu chini na kufunga mlango wa maji.

Mji ulikaa gizani mchana kweupe kwa dakika arobaini. Yeye, Fundi Miwani na mlinzi walipanda na reki, wakatoa majani yaliyojaza toroli kumi na saba, wakarudi kuwasha. Turbini ilipofunguliwa wiki iliyofuata, haikuwa na ufa hata mmoja. Mkaguzi alisema ingeendelea kuvuta hewa kwa saa moja zaidi, tungeagiza nyingine na kukaa mwaka mzima tukiisubiri.

Ripoti ya tukio hilo inasema hitilafu iligunduliwa na mfumo wa kisasa wa ufuatiliaji. Yule aliyeigundua aliandikiwa barua ya onyo kwa kuzima mtambo bila idhini. Kifaa chenyewe kilihamishiwa kimyakimya upande wa chini wa chujio, palepale alipopasema.

Sasa tuje kwenye cheo. Mwaka huu mkuu wa chuo cha ufundi kilicho jirani yetu alileta wanafunzi wake, akamsikiliza Mzee Reki akiwaeleza habari za mteremko na sumaku. Kabla hajapanda gari alimwomba aje kuwafundisha vijana siku mbili kwa wiki atakapostaafu. Mzee akakubali palepale. Mkewe, ambaye sote tunamwita Mama Zamu kwa jinsi alivyopanga maisha yake yote kwa ratiba ya mumewe, alimnunulia kalamu mbili na kumwambia ajifunze kuandika ubaoni bila kupandisha mistari. Chuo kinataka kitu kimoja tu, cheti cha utumishi kinachoonyesha kwamba aliendesha mitambo. Mfagizi, kwa sheria zao, hawezi kuajiriwa kufundisha ufundi.

Cheti kilipochapwa kiliandikwa "Mfanyakazi wa Usafi wa Mfereji, miaka 33".

Usafi si kazi ya aibu, na mwenyewe anaionea fahari reki yake kuliko wengine wanavyoyaonea fahari magari yao. Kinachotukera ni kwamba cheti hakisemi kweli. Mara nne aliomba abadilishiwe cheo, na mara nne akajibiwa kwamba hana elimu ya darasani inayotakiwa. Waliokuwa na elimu hiyo wakaletwa, na yeye ndiye aliyewafundisha kuwasha mtambo. Fundi Miwani ni mmoja wao. "Nilikuja na cheti cha ukurasa mzima," anasema, "sikujua hata mlango wa maji unafungwa kwa kuzungusha wapi. Mzee akaniambia, mwanangu, cheti chako kitundike pale, njoo huku."

Mzee hakwenda kulalamika. Alisema basi, imeshakuwa, na Mama Zamu akaziweka zile kalamu kabatini. Aliyelalamika kwanza ni Fundi Miwani, na masijala ikamsaidia. Tulimpelekea afisa utumishi madaftari ya zamu. Yako sitini na mawili, na kwenye jalada la kila moja imechapwa kwamba anayeruhusiwa kuandika humo ni mwendeshaji mitambo wa zamu peke yake. Mwandiko wa Mzee Reki umo katika yote, saa baada ya saa, kina cha maji, mzunguko, joto la beringi. Afisa alifungua matatu, akayafunga. "Haya ni madaftari," alisema, "si barua. Mfumo unamsoma ni usafi." Nikamuuliza ni nani aliyeulisha mfumo habari hiyo. Nilisema kwa sauti ndogo, na nadhani hakusikia. Swali hilo nauliza tena hapa, kwa maandishi.

Jumatatu Mzee Reki alikuja masijala mwenyewe. Alikuwa amevaa ovaroli yake, na mfukoni akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hii sikuwahi kuipenda," alisema, "lakini ina muhuri." Ilikuwa ile barua ya onyo ya miaka miwili iliyopita. Nikaisoma nimesimama. Inaanza hivi: "Wewe, ukiwa Mwendeshaji Mitambo wa zamu, ulizima mtambo bila idhini." Chini kuna sahihi ya Meneja.

Kwa hiyo ofisi ilikuwa inakijua cheo chake. Alipookoa turbini alikuwa mtu wa usafi. Alipoomba kupandishwa alikuwa mtu wa usafi. Ilipotafuta wa kumlaumu tu, ikamkumbuka kuwa ni mwendeshaji, na ikaandika vizuri kabisa kwa herufi kubwa, bila kuuliza elimu yake ya darasani. Katika miaka thelathini na mitatu, hiyo ndiyo karatasi pekee ya kituo hiki iliyomwita kwa jina la kazi yake, na ilimwita ili imchape.

Nakala ya barua hiyo iko kwa afisa utumishi. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema ataipeleka kwa Meneja. Mpaka jarida hili linakwenda kuchapwa hatujajibiwa. Waendeshaji wote sita na walinzi wawili wameweka sahihi kwenye ombi la kurekebisha cheti. Mimi nimeweka ya tisa.

Mzee Reki, ahsante kwa chujio, kwa masikio yako, na kwa kila mtu uliyemfundisha ambaye baadaye alikuwa mkubwa wako nawe ukamwamkia bila kinyongo. Mama Zamu, ahsante kwa kutuazima mumeo sikukuu zote hizo. Zitoe kalamu kabatini. Tunawatakia afya njema na miaka mingi ya kulala mpaka jua lichomoze, na kwako Mzee, darasa lenye wabishi wasiochoka kuuliza.

Siku ya Ijumaa Meneja atasimama kukukabidhi cheti. Sisi wa zamu tumeomba kukaa safu ya mbele. Tutakisoma kwanza, ndipo tupige makofi.