Kofia Inayotaka Utulivu

Kwenye treni ya asubuhi nilikaa nyuma ya fundi cherehani, uzi mwekundu bado umemganda begani, na kinyozi waliyekutana naye humohumo. Kinyozi alimuuliza aendako. Nikatega sikio, maana dirisha lilikuwa na vumbi, hakuna cha kutazama.

"Hospitali, kaka. Mdogo wangu amepooza mpaka ulimi. Wamemvika kofia ya nyaya inayosoma ubongo. Akiikazia mawazo herufi, inatokea kwenye kioo cha kompyuta."

"Mh! Na siri zake je?"

"Siri zake nazijua zote, hakuna ya maana."

Akaeleza kwamba majuzi, kijana alipoandika herufi ya kwanza, shangazi zake walipiga vigelegele. Moyo ukamwenda mbio, mwili ukakakamaa, kofia isisome tena kitu. Leo ni jaribio la mwisho. Akishindwa, kofia inapewa mgonjwa mwingine.

"Basi shangazi waje tena wamtie nguvu," kinyozi akasema.

"Nguvu anayo. Anachotaka ni utulivu. Nikimwekea mkono kifuani tukapumua pamoja polepole, analegea, na herufi zinakuja."

"Sikubali. Mgonjwa asiyesikia kelele za ndugu zake atajiona ameshazikwa."

"Wewe kaka, unamnyoa mtu huku anashangiliwa?"

Kinyozi akajikuna kidevu, ambacho, niseme kweli, hakikuwa kimenyolewa vizuri. "Hata hivyo sikubali," akasema.

Treni ikasimama. Fundi akashuka haraka. Kupitia mlango uliobaki wazi nikaona pale chini shangazi watatu wakimngoja, wamependeza kama waendao harusini, kila mmoja amejiziba mdomo kwa kiganja.